Moshi usiouma macho

Wamama wenzangu, moshi wa kupika tunaujua wote. Kuni mbichi zikiingia chini ya sufuria, macho yanauma, mtoto anakohoa, na mwenye nyumba anafungua mlango hata kama mvua inanyesha. Moshi ule una adabu, unapiga hodi. Leo naandika juu ya moshi mwingine ambao haupigi hodi. Hauumi macho, hauna rangi, hauna harufu, na katika nyumba nyingi za upande wa Kabambare unatoka katika mbabula ile ile inayopika sombe ya watoto. Ni moshi wa zahabu.

Mimi nakaa Kasongo mjini, lakini yaya yangu aliolewa upande wa Salamabila, kwenye machimbo. Mara mbili au tatu kwa mwaka, barabara ikikubali, ninapeleka kwake mchele na vikwembe, ninauza, ninakaa wiki moja au mbili, ninarudi. Kwa hiyo mengi ninayoandika hapa nimeyaona nikiwa nimekaa kwenye kiti cha yaya, kikombe cha chai mkononi.

Kwanza niondoe neno moja njiani. Redio zinasema mara kwa mara juu ya hewa inayochafuliwa na makaa ya mawe katika nchi nyingine, na watu wanaofikiri kwamba uchafu wa hewa ni jambo la mabomba marefu ya viwanda wako wengi kati yetu. Makaa ya mawe sisi Maniema hatuyachimbi. Ya karibu nasi ni yale ya Lukuga, karibu na Kalemie, ambayo Wabelgiji waliyachimba zamani. Basi mtu anaweza kusema, hilo halituhusu. Lakini Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, ulihesabu merkire yote ambayo kazi za wanadamu ziliirusha hewani katika mwaka 2015. Ya kwanza kabisa katika hesabu ile haikuwa makaa ya mawe. Ilikuwa ni uchimbaji mdogo wa zahabu, uliotoa karibu sehemu 38 kwa kila 100. Makaa ya mawe yanayochomwa viwandani na penginepo yalifuata, sehemu 21. Mbabula zetu, pamoja na za wenzetu wa nchi nyingine, ziliyashinda mabomba marefu.

Merkire wengi mnaijua, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita zebaki. Ni chuma kinachotiririka kama maji, cheupe, kizito hata chupa ndogo inakushangaza ukiinyanyua. Mkreseri akishaosha mchanga wake anabaki na unga mweusi wenye vipunje vya zahabu ambavyo vidole haviwezi kuviokota. Anamwaga merkire, anakanda kwa mkono kama anakanda unga wa maandazi. Merkire inashika zahabu na kuacha mchanga. Anakamua ndani ya kitambaa, na linabaki donge laini, jeupe. Karibu nusu ya donge lile ni merkire tu. Kuiondoa, analitia kwenye kijiko au kwenye kifuniko cha kopo, analiweka juu ya makala. Baada ya dakika chache donge linageuka njano, na watu wanacheka, kwa sababu sasa ni pesa.

Si wote wanaofanya hivyo. Mtoni, ambako vipunje ni vikubwa kidogo, wengi wanaosha kwa maji tu, na Mungu awazidishie. Lakini pale jiwe linapotwangwa na zahabu ni ndogo kama vumbi, chupa ya merkire haiko mbali.

Ile nusu nyingine, ile nyeupe, imekwenda wapi? Watu wanasema "imeungua." Haikuungua. Chuma hakiungui kama karatasi. Imegeuka mvuke, imepanda, na ilipokutana na baridi ya ukuta, ya manjanja ya paa, ya blanketi na ya kapu la unga, imerudi kuwa matone madogo ambayo jicho haliyaoni, ikalala pale. Kesho jua likipasha manjanja, inaamka tena, inapanda tena. Nyumba ambamo zahabu imechomwa miaka miwili inaendelea kutoa mvuke ule hata siku ambayo hakuna mtu anayechoma kitu.

Mtu akiuvuta, kati ya sehemu 10 zilizoingia kifuani, karibu 8 zinabaki mwilini. Zinakwenda kwenye damu, kwenye figo na kwenye ubongo. Mikono inaanza kutetemeka, hata mtu anashindwa kushika uzi na sindano. Usingizi unapotea. Ufizi unavimba. Mtu anasahau, anakuwa mkali bila sababu, na jirani wanaanza kusema amerogwa au ni pombe. Na kwa mama mwenye mimba, mvuke huo haubaki kwake peke yake. Kondo la nyuma haliuzuii. Unapita, unakwenda kwa mtoto ambaye ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka jana nilikuwa kwa yaya, usiku, saa tatu hivi. Shemeji aliingia kutoka machimboni na wenzake wawili. Walifunga mlango. Walifunga dirisha, wakatia na gunia kwenye ufa wa chini. Shemeji akaita binti yake apepee makala. Binti huyo ni mwana wa yaya wa pili, na wakati ule alikuwa na mimba ya miezi mitano. Akachuchumaa, akapepea, uso wake karibu na moto kama tunavyofanya sote. Kwenye mkeka, hatua tatu kutoka pale, watoto wanne walikuwa wamelala.

Nikamwita shemeji pembeni. Nilimwambia kwa heshima, maana ni nyumba yake:

"Shemeji, kazi hii haiwezi kufanyika nje?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali. "Nje, mama? Nikichoma nje, kesho asubuhi kijiji kizima kinajua nimepata gramu ngapi. PDG atajua. Yule ninayedaiwa naye atajua. Na kesho kutwa watu wenye bunduki watajua. Nani atalinda watoto hawa unaowahurumia?"

Nimefikiri sana juu ya jibu lile, kwa sababu lilikuwa jibu la mtu mwenye akili. Tumezoea kusikia wageni wa semina wakisema kwamba wakreseri "hawana ufahamu." Shemeji ana ufahamu. Anajua hata kwamba merkire ni mbaya. Mjomba wake alikufa akitetemeka. Lakini ameweka hofu mbili kwenye mizani. Moja inaua baada ya miaka kumi, nyingine inaweza kuua Alhamisi. Katika nchi ambayo watu wameporwa mara ngapi, nani atamlaumu kwa kuchagua kuogopa ile ya Alhamisi kwanza?

Zahabu kwetu ni siri. Ndiyo maana inachomwa usiku, ndani, madirisha yamefungwa, na ndiyo maana mvuke wote unabaki kwa wenye nyumba. Kama shemeji angekuwa anachoma muhogo, angechoma uani na upepo ungechukua sehemu kubwa ya ubaya. Siri ndiyo inayoleta sumu kwenye mkeka wa watoto. Mtu akija kufundisha juu ya merkire bila kuigusa siri hii, wanaume watamsikiliza vizuri, watakunywa soda yake, na usiku watafunga dirisha.

Niliporudi Kasongo niliuliza watu wanaojua, nikasoma nilichopata. Nilisoma juu ya mji wa Minamata huko Japani. Kiwanda kimoja kilikuwa kinamwaga merkire baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ule ulitangazwa. Kilichonishika ni wamama wa kule. Baadhi yao hawakuonekana wagonjwa, au walikuwa na dalili ndogo tu, lakini walizaa watoto wasioweza kutembea, kusema wala kushika kijiko. Sumu ilikuwa imempita mama ikaenda kukaa kwa mtoto. Merkire ya kule iliingia kwa njia ya samaki, yetu inaingia kwanza kwa pua. Lakini hata hewa ya leo inakuwa maji ya kesho: mvuke unaoshuka na mvua unaingia kwenye vijito, kwenye matope unabadilika kuwa namna mbaya zaidi, na samaki wanaubeba. Sisi tunaokula samaki wa Luama na wa Lualaba tunapaswa kulijua hilo, ingawa leo siandiki juu ya samaki.

Kwa jina la mji ule mataifa yaliandika mkataba. Ulitiwa sahihi mwezi wa kumi 2013, ukaanza kazi tarehe 16 mwezi wa nane 2017. Unataja matendo manne kwenye uchimbaji mdogo wa zahabu ambayo nchi zinapaswa kuyakomesha. Mojawapo ni kuchoma donge la merkire bila kifuniko. Jingine ni kulichoma mahali watu wanapoishi. Nilipoyasoma hayo mawili nilimwona binti wa yaya na pepeo lake. Mkataba unasema pia kwamba watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa wenye mimba, wawekewe mpango wao wa kulindwa. Karatasi ni nzuri. Kutoka Kumamoto ilikotiwa sahihi hadi mlango wa shemeji ni mbali.

Kuna na vumbi. Hapa nisema juu ya yaya mwenyewe.

Yaya ni mmoja wa wamama watwangaji. Wenzao wa Kamituga wanajulikana zaidi, hata wana vyama vyao, lakini kazi ni moja. Wanaume wanatoa jiwe shimoni, mama analivunja kwa nyundo, analitia kwenye kinu cha chuma na kulitwanga kwa mchi wa chuma mpaka linakuwa unga, kisha analichunga. Unga ule ni mweupe. Jioni ukiwaona wakirudi, utadhani wametoka kwenye kinu cha mihogo: kope nyeupe, nywele nyeupe, kikwembe cheupe, na mtoto mgongoni mweupe vilevile.

Lakini mihogo mwili unaijua. Jiwe lile jeupe, mwili haulijui. Vumbi kubwa unalipiga chafya au unalitema. Lile dogo kabisa, lisiloonekana, linashuka mpaka mwisho wa mapafu na halitoki. Pafu linajaribu kulizunguka, linatengeneza kovu, na kovu juu ya kovu, mpaka pafu linakuwa gumu kama ngozi ya ngoma. Waganga wanauita silikosi. Ni ndugu wa ugonjwa ule wa wachimbaji wa makaa ya mawe, ambao mapafu yao yanageuka meusi. Hakuna dawa inayoliondoa vumbi likishaingia. Na mapafu yenye makovu hayo yanashikwa na kifua kikuu upesi kuliko mapafu mengine.

Yaya alikohoa zaidi ya mwaka. Alikonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni. Katika kituo kimoja alichokwenda alipewa sirupu, kisha vidonge, kisha sirupu tena. Walipima kohozi mara mbili, hawakukuta kifua kikuu. Waliandika idadi ya mimba zake, waliandika chanjo za watoto, waliandika kijiji. Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza swali moja: mama, unafanya kazi gani? Aliyemuuliza alikuwa muuguzi kijana mahali pengine, ambaye aliona kucha zake zimejaa unga mweupe. Kutokana na swali lile yaya alitumwa kupigwa picha ya mapafu, na picha ikaonyesha makovu.

Inaniuma hasa kwa sababu ni Kasongo. Miaka ya 1970 vituo vya afya vya Kasongo vilikuwa vinatembelewa na kuandikwa na waganga wa nchi za mbali. Namna yetu ya kupanga hospitali pamoja na vituo vyake vidogo ilisaidia kufundisha wengine. Kituo kilichoweza kufuata kila mtoto wa kijiji na chanjo yake kinaweza kuongeza mstari mmoja kwenye karatasi. Tukisubiri karatasi, tuseme wenyewe. Mama anayetwanga jiwe na kukohoa aanze hivi mbele ya muuguzi: "Ninatwanga jiwe, ni miaka kadhaa." Na kipimo cha kifua kikuu asikikatae, kwa sababu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili, na dawa za kifua kikuu ni za bure.

Nimesikia mama mmoja akisema: basi nitatwangia nyumbani, uani, kuliko kule kwenye vumbi la wote. Tafadhali, hapana. Jimbo la Zamfara, kule Nigeria, walifanya hivyo. Bei ya zahabu ilikuwa imepanda, wanaume walileta mawe nyumbani, na wake zao waliyavunja na kuyasaga ndani ya ua, pengine kwa mashine zile zile za kusaga nafaka. Jiwe la kule lilikuwa na risasi nyingi ndani yake, siyo risasi ya bunduki, bali ile madini nzito ambayo wavuvi wanafunga kwenye nyavu. Vumbi likatanda uani ambako watoto wanatambaa na kutia mikono mdomoni. Mwaka 2010 Madaktari Wasio na Mipaka walipofika waliambiwa watoto wanakufa kwa malaria. Haikuwa malaria. Watoto zaidi ya 400 walikufa, wengi wao chini ya miaka mitano. Sisemi kwamba jiwe letu lina risasi kama lile, mawe hayafanani. Ninachosema ni kwamba mama wa Zamfara naye hakujua jiwe lake lina nini, na ua wake ulikuwa umefagiwa vizuri kama wa kwetu.

Ni rahisi kusema "mwagieni maji." Jiwe likimwagiwa maji kabla ya nyundo, vumbi linapungua sana, na hilo yaya na wenzake wanalifanya sasa. Lakini kwenye kinu kuna shida, na asiyewahi kutwanga haijui: unga uliolowa haupiti kwenye chungio, na mama analipwa kwa beseni la unga mkavu. Mwambie aloweshe, umemwambia alale njaa. Walichopatana ni kidogo: kinu kinafunikwa kwa kitambaa kizito chenye tundu la mchi, wanakaa migongo ikiwa upande wa upepo, na turubai waliyokuwa wanakaa chini yake wameiondoa pembeni, hata kama jua ni kali, maana chini yake vumbi lilikuwa linasimama kama ukungu. Kikwembe puani kinazuia vumbi kubwa tu, lile dogo linapita katikati ya nyuzi. Mtoto wa mgongoni anabaki kwa bibi mmoja aliyezeeka, ambaye kila mtwangaji anampa kitu jioni. Kikwembe cha kazi kinavuliwa na kufuliwa kabla mama hajashika mtoto.

Na moshi wa shemeji? Dawa yake haikutoka kwangu. Ilitoka kwa wamama wa pale, na ninaipenda kwa sababu iligusa siri badala ya kuipigia kelele. Niliwaeleza siku moja, tukiwa tunachambua mchele, kwamba nje ni bora kuliko ndani. Mama mmoja mnene, muuza mafuta, akasema: "Wanaume hawaogopi upepo, wanaogopa macho. Na sisi tunapooga, tunafanyaje? Tunajenga ua wa matete, hauna paa, na hakuna anayetuona." Wote wakanyamaza kidogo, kisha wakaanza kucheka.

Wakajenga. Ni ua wa matete mrefu kupita kichwa cha mwanaume, hatua tano kwa tano, hauna paa, uko nje ya kijiji upande ambao upepo hauelekei kwenye nyumba, na mbali na kijito. Mtu anaingia peke yake au na mwenzake mmoja. Anachoma mchana, wakati watu wako kazini, na siri yake anatoka nayo mfukoni. Watoto hawakaribii, wenye mimba hawakaribii, na kijiko cha kuchomea kinabaki kule kule, hakirudi jikoni.

Fundi wa kuchomea vyuma akatengeneza na chombo chake: kikopo kizito cha chuma chenye kifuniko cha kukaza, na kutoka kwenye kifuniko bomba jembamba linaloinama na kupita ndani ya kopo la maji baridi. Donge linawekwa ndani, moto unawashwa chini, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, na merkire inadondoka tena kwenye kikombe cha maji. Kikifungwa vizuri, kinarudisha karibu merkire yote. Kisifunguliwe kikiwa moto, na kisitumiwe ndani ya nyumba hata siku moja, kwa sababu kidogo kinavuja siku zote.

Hapo ndipo shemeji alipobadilika, na sababu haikuwa mimi, haikuwa Minamata. Alitazama kikombe, akaona merkire aliyoinunua kwa pesa zake imerudi, akahesabu. Mara ngapi kwa mwezi, bei gani kwa chupa. Akasema, "Kumbe tulikuwa tunachoma pesa." Mimi sikuongeza neno. Yaya alinikanyaga mguu chini ya meza, na tukaendelea kula.

Si wote wameingia. Kuna wanaume watatu ambao bado wanachoma ndani, mmoja kwa sababu amegombana na mwenye funguo, na ni kweli kwamba ugomvi wa kwanza wa chombo kile ulikuwa nani atakilinda. Wamama walitaka kikae kwa muuza mafuta, wanaume wakataka kikae kwa mkubwa wao. Kimekaa kwa muuza mafuta. Kifuniko chake kinavuja, wanakiziba kwa udongo wa majivu kila mara. Na nyumba zilizochomewa zahabu miaka mingi bado ni zile zile. Kwa yaya tulitoa mikeka ya jikoni, tukaosha kuta, tukabadilisha udongo wa sakafu, na watoto wanalala chumba kingine. Manjanja ya paa hatukuweza kubadilisha.

Binti wa yaya alijifungua mwezi wa pili, mtoto wa kike. Ananyonya vizuri na anafuata kidole kwa macho. Muuguzi amesema apelekwe apimwe kila mwezi, waangalie anavyokaa, anavyoshika, anavyotamka, na mama yake anafanya hivyo. Yaya mwenyewe ameacha kinu. Anauza mchele ninaompelekea, mbele ya nyumba, na akipanda kilima kidogo cha kwenda kisimani anasimama mara mbili kupumua. Zamani alikuwa anatutangulia sote.

Mwezi ujao, kama mto hautafurika, nitapanda tena. Fundi wetu wa hapa mjini amekubali kutengeneza kifuniko kipya chenye kukaza vizuri zaidi, na kukata bomba la pili, akilipwa nusu sasa na nusu nikirudi. Wamama wenye ndugu Misisi, Kamituga au Namoya wanaotaka kuona mchoro wake, nitaubeba kwenye mkutano wa Jumamosi. Atakayekuja na kipande cha bomba la chuma kisichotumika nyumbani kwake, atakuwa amepunguza gharama.